Kiambishi Kikiingia, Mkazo Unahamia Wapi? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Matamshi ya Kiingereza

Sikio lililokulia kwenye Kiswahili limezoea hesabu moja: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. SOma, soMEsha, someSHAna. MEza, meZAni. Kila kiambishi tamati kinapoongezwa, mkazo unasogea kuelekea mwisho wa neno. Kwenye viambishi awali mambo ni tofauti: SOma, anaSOma, hawajaSOma. Vinajipanga mbele ya shina na mkazo unabaki pale pale.

Makosa mengi ya mkazo kwa Mswahili anayejifunza Kiingereza yanatokana na kuihamisha hesabu hiyo ilivyo. Kiingereza hakianzi kwa kuhesabu silabi. Kinaanza kwa kuangalia ni kiambishi gani kimeingia. (Katika mifano yote hapa, herufi kubwa zinaonyesha silabi yenye mkazo mkuu.)

Dhana: Mkazo wa Kiingereza hauna kanuni, kila neno likaririwe peke yake

Kwa mashina mafupi kuna ukweli ndani yake. Hakuna dalili ya nje inayokuambia kuwa "model" ni MOdel lakini "hotel" ni hoTEL. Neno likishavaa kiambishi tamati, hata hivyo, kanuni zinaanza kufanya kazi, na viambishi vingi vinaingia katika makundi matatu.

Kundi la kwanza haligusi mkazo kabisa: -ness, -less, -ful, -ly, -ing, -er, -hood, -ship na, karibu kila mara, -ment. Mkazo unabaki ulipokuwa kwenye shina. HAppy inazaa HAppiness, MAnage inazaa MAnager na MAnagement, deVElop inazaa deVEloper na deVElopment. Hapa ndipo hesabu ya Kiswahili inapoumiza zaidi, kwa sababu ulimi unataka kusema "maNAGEment" na "deveLOPment". Ni kosa lile lile linalozaa "inteREsting" badala ya INteresting.

Kundi la pili huvuta mkazo hadi silabi inayokitangulia kiambishi: -ic, -ical, -ion, -ian, -ial, -ious, -ity. Atom inakuwa aTOmic, MUsic inakuwa muSIcian, MYStery inakuwa mysTErious, Active inakuwa acTIvity. Viishio vya Kigiriki -graphy na -logy viko humu pia, ila mkazo wao hukaa kwenye silabi inayoishia na "o" kabla yao: geOgraphy, biOlogy.

Kundi la tatu hubeba mkazo lenyewe: -ee, -eer, -ese, -ette, -esque. Ndiyo maana tunasema traiNEE, engiNEER, JapaNESE. Ukiongeza kiambishi cha kundi la kwanza juu yake, mkazo hautikisiki: engiNEEring. Neno "committee" linakwenda kinyume, ni coMMIttee.

Kwa sehemu kubwa, mgawanyo huu umetokana na historia. Vingi vya kundi la kwanza ni urithi wa Kiingereza cha kale, na vingi vya kundi la pili vilikuja na maneno ya Kilatini na Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Usitegemee asili peke yake, lakini: -ment ni ya Kifaransa, na bado inatulia na kundi la kwanza.

Dhana: Silabi ya pili kutoka mwisho inatosha kwa maneno marefu

Dhana hii inadumu kwa sababu wakati mwingine inafaulu. Maneno yenye -ic na -tion huishia kwa silabi moja ya kiambishi, kwa hiyo silabi inayokitangulia inakuwa ya pili kutoka mwisho: ecoNOmic, eduCAtion. Mswahili huyapata bila jasho, kisha anaamini ameshaijua kanuni.

Jaribu sasa -ity, yenye silabi mbili. "Electric" ni eLECtric, "electricity" ni elecTRIcity. Ukihesabu Kiswahili utasema "electriCIty" na msikilizaji atasita. Hivyo hivyo kwa -ical: "political" ni poLItical, si "poliTIcal". Hesabu kutoka kwenye kiambishi, usihesabu kutoka mwisho wa neno.

Kiambishi kinachohitaji uangalifu zaidi ni -al, maana chenyewe hutazama uzito wa silabi iliyo kabla yake. Silabi hiyo ikiwa nzito, yaani ina irabu ndefu au irabu yake inafuatwa na konsonanti mbili, inachukua mkazo: PArent huwa paRENtal, ACcident huwa acciDENtal, ANecdote huwa anecDOtal. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma silabi moja zaidi: PERson huwa PERsonal, MEdicine huwa meDIcinal, ORigin huwa oRIginal. Ukiishika kanuni hii, mamia ya maneno ambayo hujawahi kuyasikia yatakuwa rahisi kuyakisia.

Kwa -ic, yapo maneno machache ya kukariri kwa sababu yanakataa kanuni: Arabic, CAtholic, LUnatic, HEretic, ARsenic, POlitics, RHEtoric, na aRITHmetic likiwa nomino. Orodha ni fupi, inamalizika kwa siku moja.

Dhana: Mkazo ni kupaza sauti tu

Hapa ndipo tunapopoteza zaidi, na ndipo pa kukaa muda mrefu. Silabi yenye mkazo katika Kiingereza ni ndefu zaidi, sauti yake inapanda au inageuka, na irabu yake ni kamili. Muhimu kuliko yote ni kinachotokea kwa silabi nyingine: irabu zao hufifia. Nyingi huwa shwa, ile sauti fupi ya katikati ya mdomo ambayo kamusi huiandika ə. Kiswahili hakifanyi hivyo. Irabu zetu tano hubaki zile zile, mkazo uwepo usiwepo.

Chukua "photograph". Kwa kukadiria kwa tahajia yetu, hutamkwa FOU-ta-graf. Ongeza -y na neno linakuwa fa-TO-gra-fi. Irabu ya kwanza, iliyokuwa imejaa, imefifia. Ya pili, iliyokuwa imefifia, imejitokeza kama "o" wazi. Na ya tatu imepungua nguvu. Herufi ni zile zile, irabu zote tatu zimebadilika. Kwenye "photographic" zinabadilika tena, na mkazo mkuu unakwenda kwenye GRA. Anayehamisha mkazo lakini akatamka kila "o" kama ilivyo katika "moto" bado hajasema neno lenyewe, kwa kuwa msikilizaji hutambua mkazo kwa kulinganisha irabu kamili na irabu zilizofifia.

Zoezi linalosaidia ni kuvua neno herufi zake. Sema mdundo peke yake: "photography" ni da-DAA-da-da. Gonga meza kwenye DAA. Rudia mara tano, kisha rudisha sauti za neno huku zile "da" ndogo zikibaki ndogo. Mdundo ukivunjika, usiongeze nguvu kwenye silabi yenye mkazo. Punguza kwenye zisizo nao.

Wakati mwingine kiambishi hakihamishi mkazo, lakini kinafupisha irabu iliyo chini yake. "Nation" ina "ei", "national" ina "a" fupi. "Serene" ina "i" ndefu, "serenity" ina "e" fupi. Nayo -ate hutamkwa "eit" katika vitenzi na hufifia katika nomino na vivumishi: "separate", "graduate". Mkazo mkuu haujasogea, ni mkia tu uliobadilika.

Dhana: Viambishi awali haviwezi kubadili mkazo

Mara nyingi haviubadili. HAppy, unHAppy. LEgal, iLLEgal. Kosa la kawaida ni kuupa mkazo kila un- na kila dis-, jambo ambalo Kiingereza hufanya pale tu msemaji anapolinganisha vitu viwili, kama "we IMport more than we EXport".

Ila kuna maneno ya zamani ambamo kiambishi kimeshikamana na shina hadi vikawa kitu kimoja, na mkazo umehamia mbele: FAmous lakini INfamous, FInite lakini INfinite, POtent lakini IMpotent. Maana nayo imejitenga. "Infamous" si mtu asiyejulikana; ni mtu anayejulikana kwa ubaya.

Tazama pia re-. Inapomaanisha "tena" kwa uwazi, hutamkwa kwa irabu ndefu na hupata mkazo mdogo. Iliposhikamana na shina, hufifia. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha "re-sign", kusaini tena, na "resign", kujiuzulu, ambalo hata "s" yake hutamkwa "z". Mkazo mkuu uko SIGN kwa yote mawili.

Dhana: Nomino hukazwa mwanzo, kitenzi hukazwa mwisho

Hii ni kweli kwa jozi nyingi za silabi mbili zenye kiambishi awali: REcord na reCORD, PREsent na preSENT, OBject na obJECT, PERmit na perMIT. Si kweli kwa jozi nyingine nyingi: rePORT, reSPECT, conTROL, surPRISE hukaa hivyo hivyo kote kuwili. Pale ambapo jozi ipo, maneno yanayoundwa kwa -er na -ing hufuata kitenzi: reCORder, reCORding, proDUcer.

Dhana: Viambishi visivyogusa mkazo havigusi kamwe

Karibu kamwe. Tazama -able, ambayo kwa kawaida haigusi mkazo: PREferable inatoka kwenye preFER, Admirable kwenye adMIRE, COMparable kwenye comPARE. "Advertisement" ni adVERtisement kwa Waingereza, na kwa Wamarekani wengi ni adverTISEment, iliyofuata ADvertise na mkazo wake mdogo.

Dhana: Tahajia haisemi lolote kuhusu mkazo

Inasema, ukijua pa kutazama. Kitenzi kinapoongezewa -ed au -ing, konsonanti ya mwisho inayofuata irabu moja hurudufiwa kama silabi ya mwisho ya kitenzi ina mkazo: beGINning, forGETting, lakini Opening, VIsiting. Linganisha "preferred", yenye r mbili na mkazo kwenye FER, na "preference", yenye r moja kwa sababu mkazo umerudi kwenye PREF. "Reference" iko hivyo hivyo, na "occurrence" imebaki na r mbili kwa kuwa mkazo haukuondoka. Herufi l ndiyo inayovuruga: Waingereza huandika "travelling" ingawa mkazo uko TRA, na Wamarekani huandika "traveling".

Dhana: Neno lenye viambishi vingi halitabiriki

Lifumue kutoka nyuma. Chukua "unconstitutionally". Ondoa -ly, haigusi mkazo. Inayofuata ni -al. Silabi iliyo kabla yake, "tion", ni nyepesi, kwa hiyo mkazo unarudi nyuma hadi "tu". Chini yake kuna -ion, ambayo nayo inaitaka silabi hiyo hiyo. Un- ya mbele haihesabiki. Jibu: unconstiTUtionally. Kiambishi cha mwisho chenye nguvu ya kuvuta ndicho kinachoamua, na vya kundi la kwanza vinavyokuja baada yake hupanda bure: NAtion, NAtional, natioNAlity, natioNAlities.

Dhana: Mkazo ukishajulikana haubadiliki ndani ya sentensi

Viishio vya namba vinaonyesha vinginevyo, na huku makosa huwa ya gharama. Likisimama peke yake, fifTEEN hukazwa mwisho na FIFty hukazwa mwanzo, na tofauti hiyo ndiyo msikilizaji anayoitegemea. Lakini neno likitangulia nomino iliyokazwa mwanzo, mkazo wa -teen hurudi nyuma: FIFteen STUdents. Ndivyo pia kwa JapaNESE inayogeuka JApanese CAR. Hapo kinachobaki kuitenganisha 15 na 50 ni irabu ndefu na "n" ya mwisho, kwa hiyo zitamke kikamilifu. Na ukihitaji uhakika katika simu au hesabu ya fedha, taja tarakimu moja moja: one five, five zero.