Kuzoea kasoro: neno la kuwakumbuka wanaanga saba wa Challenger

Kuzoea kasoro ni hali ya watu kuona kitu hakifanyi kazi kama kilivyokusudiwa, kisha, kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyeumia, wakaendelea nacho. Kasoro ikijirudia mara ya pili haishtui sana. Mara ya tano ina mahali pake kwenye ripoti. Mara ya kumi, anayeiuliza ndiye anayeonekana mgeni. Hapo kati hakuna mtu aliyekaa akaamua kuhatarisha roho ya mwenzake. Mpaka wa kile kinachoitwa "sawa" umesogea kidogo kidogo, na kila aliyeusogeza alikuwa na sababu yake.

Aliyeipa dhana hii jina ni Diane Vaughan, mwanasosholojia wa Marekani, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996 baada ya miaka mingi ya kusoma nyaraka na mahojiano kuhusu Challenger, chombo cha anga cha Marekani kilichovunjika Januari 1986 na kuwaua wote saba waliokuwemo. Jina la dhana hii kwa Kiingereza, "normalization of deviance", ni zito. Kwa Kiswahili naona "kuzoea kasoro" kunatosha, maana uzito wa mazoea tunaujua. Wahenga walishasema mazoea yana tabu.

Kabla ya kuieleza zaidi, nataka uwajue watu saba ambao kifo chao ndicho kilichotupa dhana hii. Kamanda Dick Scobee na rubani Michael Smith. Judith Resnik, mhandisi, mwanamke wa pili wa Marekani kufika angani. Ellison Onizuka kutoka Hawaii. Gregory Jarvis, mhandisi wa setilaiti. Christa McAuliffe, mwalimu wa Concord, New Hampshire, aliyechaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000 ili afundishe vipindi akiwa angani. Na Ronald McNair, ambaye kila nikisoma habari zake hunikaa moyoni. Alizaliwa mwaka 1950 Lake City, South Carolina, enzi za ubaguzi wa rangi. Akiwa na miaka tisa aliingia maktaba ya mji, akachagua vitabu, akaambiwa watu weusi hawaazimishwi. Akagoma kuondoka. Polisi wakaitwa, mama yake akaitwa, na mwisho wa yote mtoto akatoka na vitabu vyake. Baadaye akapata shahada ya uzamivu ya fizikia katika MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani. Jengo lile la maktaba leo lina jina lake.

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe. Fundi wa pampu au wa magari anakijua: ni oringi, pete ya mpira inayokaa kwenye maungio ili maji au mafuta yasivuje. Challenger ilirushwa kwa msaada wa roketi mbili kubwa za mafuta yabisi, moja kila upande. Roketi hizo zilitengenezwa na kampuni ya Morton Thiokol huko Utah, zikasafirishwa kwa treni vipande vipande hadi Florida, zikaungwa huko. Kila ungio lilikuwa na oringi mbili, ya kwanza na ya akiba. Kila moja ilikuwa na upana wa mita 3.7 toka upande hadi upande, lakini unene wake haukuzidi sana ule wa penseli. Ndani ya roketi gesi ilifika joto la zaidi ya nyuzi 3,000. Katika mchoro wa wahandisi, gesi hiyo haikutakiwa kuzigusa pete hizo hata kidogo.

Mwezi Novemba 1981, katika safari ya pili kabisa ya vyombo vya aina hii, roketi zilipookotwa baharini zilikoangukia na kufunguliwa, pete moja ilikutwa imeliwa na moto. Hapo ndipo palikuwa pa kusimama. Kumbe palipatikana maelezo: imeliwa kidogo tu, maabara inaonyesha hata ikiliwa zaidi ya hapo bado inaziba, na isitoshe kuna ya akiba. Safari zikaendelea. Zilipotokea nyingine zilizoliwa, zilipimwa kwa kulinganishwa na zile zilizotangulia, na mchoro wa awali haukuwa kipimo tena. Hiki ndicho kiini cha dhana yote: kasoro ya jana ikawa kipimo cha leo.

Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, alieleza ubovu wa hesabu hiyo kwa mfano ambao hata mtoto angeuelewa. Wahandisi walikuwa wakisema pete ikiliwa theluthi moja ya nusu ya unene wake, basi bado kuna usalama mara tatu. Feynman akasema: jenga daraja, pitisha gari, boriti ikipasuka theluthi moja usiseme daraja lako lina usalama mara tatu. Daraja halikujengwa lipasuke. Limeshashindwa, hata kama gari limevuka.

Januari 1985 chombo kingine kilirushwa siku ya baridi, pete zikiwa kwenye nyuzi 12 hivi za Selsiasi. Roger Boisjoly, mhandisi wa Thiokol, alipofungua maungio alikuta grisi kati ya pete mbili imegeuka nyeusi tii. Gesi ilikuwa imeipita pete ya kwanza. Julai mwaka huohuo aliwaandikia wakubwa wake kwamba jambo hili lisiposhughulikiwa litaleta maafa makubwa na watu watakufa. NASA, shirika la anga la Marekani, nayo ilikuwa imeweka zuio rasmi la kurusha kwa sababu ya pete hizo. Zuio hilo liliondolewa kwa safari iliyofuata, na iliyofuata, na iliyofuata, kila mara kwa utaratibu na kwa karatasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo. Lakini hapa ufa ulikuwa unafunguliwa jalada, unapewa namba, unapitishwa.

Jioni ya tarehe 27 Januari 1986 utabiri ulisema usiku huo Florida ingefika chini ya kiwango cha maji kuganda. Wahandisi wa Utah waliomba mkutano wa simu na NASA, wakashauri chombo kisirushwe chini ya nyuzi zile 12. Walibanwa. Afisa mmoja wa NASA aliuliza kama walitaka kisubiri mpaka Aprili. Boisjoly alisema baadaye kwamba siku zote walitakiwa kuthibitisha kuwa ni salama kuruka, ila usiku ule walitakiwa kuthibitisha kuwa si salama. Wakuu wa kampuni wakaomba kukata simu wajadiliane. Boisjoly na mwenzake wakainuka, wakaweka picha na mchoro mezani mbele yao, wakaeleza tena, mpaka wakaona hawasikilizwi. Mhandisi mkuu akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Simu ikarudishwa, na jibu likawa: rusheni. Allan McDonald, mwakilishi wa kampuni pale Florida, alikataa kutia saini. Ilisainiwa Utah, ikatumwa.

Tume ilikuja kuonyesha jambo ambalo hakuna aliyelichora usiku ule. Ukiziweka safari zote pamoja, hata zile zisizokuwa na tatizo, zile 4 zilizorushwa pete zikiwa kwenye nyuzi 17 au chini zote zilikuwa na pete zilizodhurika. Kati ya 20 zilizokuwa kwenye nyuzi 19 na zaidi, ni 3 tu. Data ilikuwepo. Miaka ya mazoea ilikuwa imewafundisha kutazama safari zenye kasoro peke yake na kuuliza kama kasoro ni kubwa au ndogo.

Asubuhi ya tarehe 28 kulikuwa na barafu ikining'inia kwenye mnara wa kurushia. Chombo kiliondoka saa 5:38 asubuhi kwa saa za Florida, hewa ikiwa kwenye nyuzi 2. Kamera zilinasa moshi mweusi ukitoka kwenye ungio la chini la roketi ya kulia kabla hata sekunde moja haijaisha. Sekunde ya 73 chombo kilivunjika mbele ya macho ya familia zao zilizokuwa chini, na ya watoto wa shule waliokuwa wakimtazama mwalimu kwenye televisheni.

Wiki mbili baadaye Feynman alikaa mbele ya kamera na glasi ya maji ya barafu. Alikibana kipande cha mpira ule kwa kibanio kidogo cha chuma, akakitumbukiza, akakitoa, akakifungua. Mpira haukurudi upesi kwenye umbo lake. Ungeweza kuyafanya haya jikoni kwako. Mpira uliopoa hautanuki haraka, na ungio la roketi linahitaji utanuke ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Watu wengi wakisikia habari hii huuliza nani alikula rushwa, au nani alikuwa mzembe. Vaughan naye alianza utafiti akidhani atakuta mameneja waliovunja kanuni. Alichokuta ni watu waliozifuata: vikao vilifanyika, fomu zilijazwa, hatari iliandikwa na kuitwa "inayokubalika". Binafsi naona hili linaumiza kuliko rushwa, kwa sababu mla rushwa anajua anachofanya na anaweza kukamatwa. Kuzoea kasoro kunawapata waaminifu wakiwa kazini, tena wakijiona wanafanya kazi vizuri. Ndiyo maana msiba kama huu ukiuita ajali tu, ukaongeza kwamba ajali haina kinga, unakuwa umewafunika wafu pamoja na sababu ya kufa kwao.

Leo neno hili linatumika mbali na roketi: marubani wanalisema, na hata hospitalini linatajwa. Kengele ya mashine ya mgonjwa inayolia ovyo mpaka wauguzi wakaizima kwa mazoea ni mfano wake. Si kila kosa linastahili jina hili, lakini. Mtu akisahau mara moja, amesahau. Kuzoea kasoro kunahitaji muda, kunahitaji kundi, na zaidi ya yote kunahitaji mafanikio: kila safari iliyorudi salama ilikuwa ushahidi wa kuwanyamazisha wenye wasiwasi. Safari ile ya Challenger ilikuwa ya 25 kwa vyombo vya aina hii. Zile 24 zote zilikuwa zimerudi.

Na neno lilipokuwa tayari limechapishwa na kusomwa, mazoea yakaua tena. Tarehe 16 Januari 2003 chombo Columbia kilirushwa, na kipande cha povu gumu la kukinga tangi la mafuta, kisichofika hata kilo moja, kikachomoka na kugonga bawa la kushoto. Povu lilikuwa likidondoka toka safari za mwanzo. Lilikuwa limeshahesabiwa kuwa kazi ya matengenezo baada ya kutua. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha angani, hawakupewa. Tarehe 1 Februari, dakika 16 kabla ya kutua, Columbia ilisambaratika juu ya Texas. Walikufa Rick Husband, William McCool, Michael Anderson, Kalpana Chawla, David Brown, Laurel Clark na Ilan Ramon. Mwanaanga Sally Ride, aliyekuwa kwenye tume ya Challenger, aliitwa tena kwenye hii, na ripoti yao ilisema waziwazi kwamba ndani ya msiba wa Columbia kulikuwa na mwangwi wa Challenger.

Kila mwisho wa Januari NASA hufanya siku ya kumbukumbu. Misiba mitatu imekaa karibu kwenye kalenda: tarehe 27 Januari 1967 walikuwa wameshakufa Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, kwa moto ndani ya Apollo 1 wakati wa mazoezi chini ardhini. Katika Kituo cha Anga cha Kennedy, huko Florida, kuna ukuta wa mawe meusi yaliyong'arishwa kama kioo. Majina yamekatwa kupenya mpaka upande wa pili ili mwanga upite ndani ya herufi. Mabaki ya Columbia hayakuzikwa. Yamehifadhiwa palepale, na wahandisi huruhusiwa kuyachunguza.

Bob Ebeling hakuwa mwanaanga. Alikuwa mhandisi wa Thiokol, mmoja wa waliopinga usiku ule, na aliporudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba chombo kitalipuka. Alistaafu muda mfupi baadaye na kwa miaka 30 alijilaumu kwamba hakusema kwa nguvu ya kutosha. Mwaka 2016, siku ya kumbukumbu, aliyasema hayo redioni. Mamia ya wasikilizaji wakamwandikia. NASA nayo ikamjibu kwamba wale saba wanaheshimiwa kwa watu kukumbushana kukaa macho na kuwasikiliza watu kama yeye, wenye ujasiri wa kusema. Familia yake ilisema barua zile zilimpa nafuu. Alifariki Machi mwaka huohuo akiwa na miaka 89.