Siku 28 na dhana nyingine zinazowasumbua wasichana

Binti akivunja ungo, mara nyingi cha kwanza kuambiwa ni makatazo. Kwa nini damu inatoka, itatoka kiasi gani, itarudi lini, hayo huachiwa ayaokote kwa wenzake, ambao nao waliyaokota vilevile.

"Hedhi ya kawaida hurudi kila siku ya 28"

Hii ndiyo inayowanyima wengi usingizi bure. Kwa aliyeanza karibuni, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida. Huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata, si tangu ilipokatika (hata watu wazima hukosea hapo). Tuseme ameona Machi 3, kisha Aprili 9, kisha Mei 2, kisha Juni 14. Kwenye kalenda ni vurugu tupu. Ukihesabu ni siku 37, 23 na 43, na zote zimo ndani ya mipaka. Katika miaka ya mwanzo kuna miezi mingi ambayo yai halipevuki, na homoni inayofuata yai hilo, ile inayoutuliza ukuta wa mji wa mimba, haipatikani. Ukuta huendelea kunenepa na kumomonyoka bila ratiba.

"Hajaona hedhi, hawezi kushika mimba"

Anaweza. Yai hutoka kwanza, damu hufuata baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo yai la kwanza kabisa linaweza kutoka kabla binti hajaona tone. Hesabu ya "siku salama" nayo haimfai mwenye mzunguko kama ule wa juu, hasa kwa kuwa mbegu za kiume huweza kuishi mwilini hadi siku 5.

"Maumivu ni ya kuvumilia, akizaa yataisha"

Tumbo hunyonga kwa sababu mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoibana misuli yake ili utando utoke. Ibuprofeni hupunguza kemikali hizo, ndiyo maana husaidia zaidi ikimezwa mapema, maumivu yanapoanza tu. Imezwe baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza. Chupa ya maji ya moto tumboni pia husaidia. Lakini maumivu yanayomkosesha masomo kila mwezi yanahitaji daktari. Huenda ni endometriosisi, yaani utando kama ule wa mji wa mimba kuota nje yake, na ugonjwa huo huwapata hata wasichana wadogo. Kumwambia mtoto asubiri kuzaa ndipo apone ni kumtupa tu.

"Ni damu chafu"

Ni damu ileile ya mwilini, imechanganyika na utando wa mji wa mimba. Kwa siku zote za hedhi ni kama mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani, ingawa kwenye pedi huonekana nyingi. Pedi ikilowa chapachapa kila saa moja au mbili, hiyo imezidi, aende hospitali.

Madhara ya neno "chafu" huonekana bafuni: msichana anajisafisha kwa sabuni hadi ndani ya uke, anawaua bakteria wanaomlinda, kisha anaanza kuwashwa. Sehemu ya nje inatosha kuoshwa kwa maji. Hata ule ute mweupe unaotangulia hedhi ya kwanza kwa miezi kadhaa si ugonjwa, maadamu hauwashi wala haunuki vibaya.

Kuoga maji baridi, kuruka kamba, kugusa mimea: hakuna tatizo lolote. Mboga hazijui nani yuko mwezini.

"Wenzake wote wameshaanza, ana kasoro"

Matiti huanza kuchomoza kati ya miaka 8 na 13, mara nyingi moja likitangulia, na hedhi hufuata baada ya miaka miwili au zaidi kidogo. Akifika 13 bila dalili ya matiti, au 15 bila hedhi, aonane na daktari. Wa miaka 12 na nusu anayejificha akibadilisha nguo, kwa kuwa kifua chake kingali bapa, bado yumo ndani ya wakati wake.