Mfalme Alitoa Pole, Hakuomba Radhi

Na mtaalamu wa historia, Kitengo cha Elimu kwa Umma

Usiku wa Jumanne, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles III alisimama katika dhifa ya kitaifa Ikulu ya Nairobi, akawasalimu wenyeji wake kwa maneno machache ya Kiswahili, kisha akaligusa jambo ambalo Wakenya wengi walikuwa wakilisubiri tangu ziara yake na Malkia Camilla itangazwe. Alisema makosa ya zamani yanamtia huzuni kubwa na majuto mazito. Alisema Wakenya waliokuwa wakipigania uhuru wao walitendewa ukatili wa kuchukiza, usio na uhalali wowote, na kwamba ukatili huo hauna udhuru. Baada ya hapo hotuba ikaendelea na mambo mengine.

Siku chache baadaye nilikuwa na walimu wa historia wapatao ishirini hapa Dar es Salaam. Nikaandika ubaoni maneno manne: pole, masikitiko, majuto, radhi. Nikawauliza Mfalme alisema lipi. Karibu nusu yao walisema aliomba radhi, kwa kuwa ndivyo walivyosikia mitaani. Mwalimu mmoja aliyeketi nyuma karibu na dirisha akatikisa kichwa. "Huyo kaja msibani," akasema, "hajaja barazani." Darasa likaangua kicheko, nami nikaachana na maelezo niliyokuwa nimeyaandaa kwa dakika kumi.

Kiswahili kinatutendea hisani hapa. Ukijikwaa nakwambia pole, ingawa jiwe silo langu. Ukifiwa nakuja na pole na rambirambi, na hakuna atakayenishuku kwamba nimemuua marehemu. Lakini nikikukanyaga mguu, pole haitoshi. Sharti niseme samahani, au niwie radhi, na hapo nimeshakiri kwamba mguu uliokukanyaga ni wangu. Kiingereza kina neno moja dogo, "sorry", linaloweza kubeba pole na nisamehe kwa pamoja, ndiyo maana kila kiongozi wa Uingereza akizungumzia ukoloni wasikilizaji hubaki wakibishana alikusudia lipi. Charles hata neno hilo dogo hakulitumia.

Aliyepata taabu zaidi usiku ule, nadhani, ni mfasiri. Neno alilotumia Mfalme, "regret", laweza kuwa "masikitiko" na laweza kuwa "majuto". Masikitiko ni ya mtu yeyote. Hata jirani husikitika. Majuto ni ya mtenda: majuto ni mjukuu, huja kinyume, na hakuna anayejutia tendo la mtu mwingine. Mfasiri akichagua "majuto", kama nilivyofanya mimi hapo juu, amemwongezea Mfalme hatua ambayo pengine mwenyewe hakuipiga. Akichagua "masikitiko", amempunguzia.

Si kwamba Wakenya walishtukizwa. Kabla ndege haijatua, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika la kiraia ambalo limewasemea kwa miaka mingi wazee wa Mau Mau, wapiganaji wa uhuru wa miaka ya 1950, ilikuwa imeshataka Mfalme aombe radhi hadharani na bila kuzungukazunguka, ikakataa mapema kauli za masikitiko zenye tahadhari za kujilinda. Naye Rais Ruto, katika dhifa ile ile, alimsifu mgeni wake kwa ujasiri wa kuangaza ukweli usiopendeza, kisha akaongeza, kwa adabu zote za mwenyeji, kwamba bado kuna mengi ya kufanywa kabla fidia haijakamilika.

Fidia. Hapo ndipo mfupa ulipo.

Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na shehena ya mafaili ya makoloni iliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko huko Uingereza, na mengi yalihusu kambi za kizuizini za Kenya. Oktoba 2012 Mahakama Kuu ya London ikaamua kwamba wazee watatu walioteswa katika kambi hizo wanaweza kuendelea na kesi yao, licha ya zaidi ya nusu karne kupita. Serikali ikaona heri yaishe. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, akalitangazia Bunge kwamba Uingereza inatambua kuwa Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni, inasikitika kwa dhati, na italipa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa madai ya watu 5,228. Katika tamko lile lile akasema serikali yake inaendelea kukana dhima ya matendo ya utawala huo.

Kwa hiyo wazee walilipwa na mtu aliyesema hadaiwi. Sisi Watanzania jambo hili tunalijua vizuri kwa njia ya tembo. Tembo akiua mtu kijijini, serikali hailipi fidia, inalipa kifuta machozi. Akila mahindi, inalipa kifuta jasho. Maafisa wa wanyamapori husisitiza tofauti hiyo kila wanapokaa na wanakijiji, kwa sababu fidia ina deni ndani yake na kifuta machozi hakina. Zile pauni za 2013 zilikuwa kifuta machozi. Ndiyo maana wazee waliobaki nje ya hesabu hawakupata njia: kesi ya wadai wengine zaidi ya 40,000 ilikwama London mwaka 2018.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: kwani Mfalme si mfalme? Nani wa kumkataza kusema nisameheni? Jibu ni kwamba mfalme wa Uingereza akiwa ziarani kiserikali hasemi la moyoni mwake. Anakwenda anakotumwa na serikali, na hotuba yake inafuata ushauri wa mawaziri. Akiomba radhi yeye, imeomba radhi serikali, na wanasheria watalipeleka neno hilo mahakamani asubuhi yake. Hivyo aliyekuwa na cha kujibu usiku ule alikuwa London, hakuwa mezani Nairobi.

Lakini msikubali mkiambiwa kwamba wafalme hawaombi radhi kamwe. Mfalme Willem-Alexander wa Uholanzi, akiwa na Malkia Máxima katika ziara ya Indonesia, Machi 2020, aliomba radhi kwa ukatili uliopita kiasi wa majeshi ya nchi yake. Na tarehe 1 Julai 2023, Amsterdam, aliomba msamaha kwa ajili ya utumwa. Tofauti ni kwamba waziri mkuu wake, Mark Rutte, alikuwa ameshaomba radhi hiyo kwa niaba ya serikali Desemba 2022. Mlango ulikuwa wazi, Mfalme akapita. Jirani zao Wabelgiji waliufunga. Juni 2022 Mfalme Philippe na Malkia Mathilde walizuru Kongo, wakafika Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu, naye akatoa kauli ya majuto inayofanana sana na ile ya Charles. Bunge la Ubelgiji lilikuwa na kamati maalumu ya kuchunguza ukoloni. Desemba ile ile ya Rutte, kamati ikavunjika bila makubaliano: baadhi ya vyama vilikataa neno la kuomba radhi kwa kuogopa kwamba madai ya fidia yangefuata.

Uingereza nayo ina rekodi ambayo wengi hawaijui. Siku ya pili ya ziara, Charles alikwenda kwenye makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi. Jina hilo ni lile lile la Kariakoo yetu: yote mawili yametokana na Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliobebeshwa risasi na unga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafa kwa maelfu kwa njaa na kuhara, wengi bila kaburi lenye jina. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilitoa ripoti iliyokiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, hasa wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya tume na serikali, ya wakati ule na ya sasa. Hakusema anasikitika tu. Aliomba radhi.

Neno lipo, basi, na wanajua kulitamka. Kwa maoni yangu, lilitoka kirahisi kwa wapagazi kwa sababu mpagazi aliyekufa mwaka 1917 hana kesi London. Mzee aliyehasiwa kambini miaka ya 1950 alikuwa nayo.

Sasa tuvuke mpaka, maana juma lile lile lilikuwa na tukio la pili ambalo Wakenya wengi hawakuliona kwa kelele za la kwanza. Tarehe 1 Novemba 2023, saa chache tu baada ya dhifa ya Nairobi, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji. Akakutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa kivita wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ambaye mji umebeba jina lake. Akasema ameona aibu, na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu waliokuwa mbele yake. Aliahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Songea, linaloaminika lilipelekwa Ujerumani, ila akaonya kwamba hawezi kuahidi kuwa litapatikana.

Alipoulizwa mwalimu wa dirishani habari za Songea, alisema huyo sasa kaja barazani. Kweli. Ila hata barazani hakuja na fidia. Rais Samia Suluhu Hassan alisema Tanzania iko tayari kufungua mazungumzo rasmi na Ujerumani, na mazungumzo ni kitu kingine. Kwa hiyo tukiweka majirani hawa wawili bega kwa bega: Kenya ilipata kifuta machozi mwaka 2013 bila radhi, Songea ilipata radhi bila kifuta machozi. Sijui ningechagua lipi, na nina wasiwasi na yeyote anayejibu haraka.

Ningepotosha, hata hivyo, nikiwaacha mkidhani Kenya nzima ilikuwa ikipima maneno. Wanandi walitaka warudishiwe fuvu la Koitalel arap Samoei, kiongozi wao aliyepigwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, tarehe 19 Oktoba 1905, alipokuja kwenye kikao alichoitiwa kama cha amani. Watu wa Kericho, Wakipsigis na Watalai, walitaka kuzungumza juu ya ardhi yao, ile ambayo leo ni mashamba ya chai. Nanyuki hawakuwa na haja ya miaka ya 1950 hata kidogo: kesi yao ni ya jeshi la Uingereza linalofanya mazoezi huko hadi leo, ya mwanamke aliyeuawa mwaka 2012, na ya moto uliozuka kwenye mazoezi hayo huko Lolldaiga Machi 2021. Polisi walizuia mkutano wa wanahabari ambao watu wenye malalamiko dhidi ya jeshi hilo walitaka kuufanya Nairobi wakati wa ziara. Na wapo waliofurahi tu kuona wageni. Mombasa, Mfalme na Malkia walipopanda tuktuk ya umeme pale Fort Jesus, picha zilizozunguka zilikuwa za vicheko, na sioni ubaya wake. Mtu anaweza kumcheka mzee wa miaka 74 ndani ya tuktuk na bado akamdai.

Tarehe za familia hii na Kenya zinasomeka vibaya zikipangwa pamoja. Februari 1952 mama yake Charles alikuwa Kenya na mumewe, wakilala katika hoteli ya Treetops na nyumba ya Sagana, baba wa mama huyo, aliyekuwa mfalme, alipofariki. Akaondoka akiwa malkia. Charles aliikumbusha dhifa habari hiyo, kwa upendo. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo, gavana wa malkia huyo alitangaza hali ya hatari. Tarehe 18 Februari 1957 Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, akanyongwa katika gereza la Kamiti na kuzikwa humo bila familia kuonyeshwa kaburi.

Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba mabaki ya mumewe kwa miongo mingi, kwa serikali moja baada ya nyingine, ili amzike nyumbani. Alifariki Mei 2023, miezi sita kabla ya dhifa ile, akazikwa Njabini. Alizikwa bila mumewe.