Vepu chooni, simu mfukoni: maswali ya wazazi, walimu na wanafunzi

Ni muuguzi ninayehudumia wanafunzi, na maswali haya huulizwa karibu yaleyale kila muhula. Mengine huulizwa kwa sauti, mengine kwa kunong'onezwa mlangoni. Nayajibu kama mtu wa afya. Kanuni za nidhamu shule inazo tayari.

Nimekuta kwenye kimfuko cha kalamu cha mwanangu kitu kama flashi, kinanukia embe. Ni nini?

Kitazame vizuri. Upande mmoja kina tundu la kuwekea mdomo, upande wa pili kina taa ndogo au tundu la chaja. Hiyo ni sigara ya kielektroniki, watoto wanaiita vepu. Ndani mna betri ya lithiamu, koili ya waya, na kimiminika ambacho mara nyingi kina nikotini. Mtoto akivuta, koili inapata moto na kile kimiminika kinageuka ukungu. Hakuna majivu wala njiti ya kiberiti, na harufu haikai. Mwalimu wa zamu anaingia chooni na kukuta tu kama vile kuna mtu amemenya tunda.

Usianze na fimbo. Kaa naye, kiweke kitu hicho mezani, muulize alianza lini na anavuta mara ngapi kwa siku. Hilo la pili ndilo litakaloonyesha kama ameshaingia kwenye uraibu.

Ananiambia ni mvuke wa maji tu, hauna madhara.

Si maji. Kimiminika hicho kwa kawaida ni propilini glaikoli, gliserini, nikotini na kemikali za kuleta ladha. Vikichemshwa na koili huzaa vitu vingine, ikiwemo fomaldehidi, na vipimo vya ukungu huo vimekuta chembe za metali kama nikeli, kromiamu na risasi. Ladha nyingi zinatumia kemikali zilizoruhusiwa kwenye chakula. Lakini tumbo lina njia yake ya kushughulikia kitu, na mapafu yana yake. Kuruhusiwa kuliwa si kuruhusiwa kuvutwa.

Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa wa mapafu uliowahusu wavutaji wa vifaa hivi. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na waliofariki walikuwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vyenye kiambato cha bangi vilivyonunuliwa vichochoroni, na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa humo yalihusishwa sana na madhara hayo. Mtoto anayepokea kifaa kutoka kwa rafiki hajui kilichomo. Hata huyo rafiki hajui.

Ameanza juzi tu. Inakuwaje ameshashindwa kuacha?

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wazazi na walimu wengi wanapomwelewa mtoto vibaya.

Nikotini ya vepu nyingi za sasa iko katika hali ya chumvi. Chumvi hiyo haikwaruzi koo kama moshi wa sigara, kwa hiyo hata anayevuta mara ya kwanza anaweza kuingiza nyingi bila kukohoa. Inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kuamsha ile raha inayomfanya mtu atake tena. Chukua kifaa kidogo chenye mililita 2 za kimiminika, kila mililita ikiwa na miligramu 20 za nikotini. Hizo ni miligramu 40. Sigara moja humwingizia mvutaji miligramu 1 hadi 2 hivi. Hata ukitoa inayopotea hewani, mtoto amebeba paketi nzima mfukoni. Na ubongo unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, hivyo wa mtoto unajifunza uraibu haraka kuliko wa mtu mzima.

Sasa tazama ratiba ya shule. Nusu ya nikotini iliyo kwenye damu huondoka ndani ya saa 2 hivi. Mtoto aliyevuta asubuhi kabla ya kengele anaanza kuishiwa kipindi cha tatu. Mguu unacheza chini ya dawati, anang'ata kifuniko cha kalamu, anamjibu mwenzake kwa ukali, haelewi kilichoandikwa ubaoni. Kisha mkono unapanda juu: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Anarudi ametulia. Mwenyewe anaamini vepu imemwondolea msongo wa mawazo. Ukweli ni kwamba imemwondolea arosto, yaani mateso ya kukosa nikotini, na arosto hiyo ililetwa na vepu yenyewe.

Mwalimu, ukiona mwanafunzi anaomba ruhusa kila siku karibu saa ileile, usikimbilie kuandika jina lake kwenye daftari la makosa. Mlete kwangu.

Si ni afadhali kuliko sigara?

Kwa mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi na akahamia huku moja kwa moja, madhara yanaweza kupungua, kwa sababu hakuna lami wala hewa ya kaboni monoksidi inayotokana na tumbaku kuungua. Mtoto ambaye hajawahi kuvuta hana cha kupunguza. Anaanza kuumia kutoka sifuri.

Binti yangu havuti, lakini hanywi maji shuleni ili asiende chooni. Anasema choo kimejaa watu wanaovuta na kurekodi video.

Swali hili linaniuma, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuanza kwenye kila kikao cha usalama wa shule. Tunazungumzia geti, uzio na walinzi, tunasahau chumba ambacho kila mtoto lazima akiingie.

Mtoto anayebana mkojo tangu asubuhi hadi jioni, tena bila kunywa maji, anajiweka kwenye hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo na ya kupata choo kigumu. Kichwa kinamuuma mchana, umakini unashuka. Mwenye pumu anaweza kubanwa na kifua kwa ukungu wa wengine. Na msichana aliye kwenye siku zake hawezi kungoja.

Ongea na shule bila kutaja jina la binti yako kama anaogopa. Omba mambo yanayowezekana: mtu mzima awe karibu na mlango wa vyoo wakati wa mapumziko, simu zisiingie chooni kwa sababu yoyote, na ruhusa ya kwenda wakati wa vipindi isifutwe. Shule nyingine hufunga vyoo ili kukomesha wavutaji. Nawasihi msifanye hivyo. Mnawaadhibu mia kwa kosa la kumi.

Mwanafunzi ameanguka chooni na kifaa kiko pembeni yake. Nifanye nini?

Mlaze kwa ubavu, angalia kama anapumua, ita msaada wa dharura mara moja. Usimwache peke yake, usimpe kitu cha kunywa. Kifaa kiende naye hospitalini ili madaktari wajue wanapambana na nini. Nikotini nyingi huleta kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, na ikizidi mno mtoto anaweza kupata degedege.

Na huenda si nikotini peke yake. Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath walipima vepu 596 zilizokamatwa kwenye shule 38, na mwaka 2024 wakatangaza kwamba takriban moja kati ya kila sita ilikuwa na bangi bandia ya maabara, ambayo mitaani huko huitwa spice. Wenzake wakiogopa kusema alichovuta, waambie waziwazi kwamba muda huo hakuna anayetafutwa kwa adhabu. Kisha timizeni ahadi hiyo.

Simu inaingiaje kwenye habari ya vepu?

Mara nyingi simu ndiyo duka. Picha ya kifaa inawekwa kwenye kundi la darasa, anayetaka anajibu kwa alama, wanakutana chooni. Video ya mtu anayepuliza ukungu inapendwa na wengi, na mtoto wa miaka 13 anaona kama kila mtu anavuta. Vilevile usiku: anayechelewa kulala kwa ajili ya simu anaamka na uchovu, na nikotini inampa uchangamfu wa uongo wa dakika chache. Kijana wa umri huo anahitaji kulala saa 8 hadi 10.

Basi simu zipigwe marufuku kabisa shuleni?

Ufaransa iliweka sheria mwaka 2018, Brazili ikafuata Januari 2025. Mimi naunga mkono simu kukaa mbali wakati wa masomo. Mwalimu anapata darasa lake, na choo kinapunguza wapiga picha.

Ila tusitarajie miujiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walilinganisha shule 30 za Uingereza, zenye masharti makali na zisizo nayo, na katika matokeo yao ya mwaka 2025 hawakuona tofauti katika afya ya akili ya wanafunzi. Kilichoambatana na hali mbaya zaidi ni jumla ya muda wa kutumia simu. Maana yake kazi kubwa iko nyumbani, usiku.

Na kanuni yoyote imwache mtoto mwenye kisukari ambaye kipimo chake cha sukari kinasoma kwenye simu. Kwake hicho ni kifaa cha tiba.

Likitokea janga shuleni, nitampataje mwanangu bila simu?

Hofu yako naielewa. Lakini wakati wa moto au mvamizi, mtoto anatakiwa kumsikiliza mwalimu. Simu inayoita inaweza kufichua alipojificha, na wazazi mia wakipiga kwa pamoja mtandao unazidiwa. Iulize shule leo: taarifa zitatufikia kwa njia ipi, na watoto watachukuliwa wapi? Kama hawana jibu, hilo ndilo la kudai.

Mwanangu amesimamishwa wiki mbili kwa sababu ya vepu.

Siku mbili tatu za mwanzo bila nikotini ndizo ngumu kuliko zote, kisha hali hupoa polepole kwa wiki kadhaa. Atazipitia akiwa peke yake nyumbani, mwenye hasira, na marafiki wa kumletea nyingine wanajua anapoishi. Iombe shule akirudi akutane na mnasihi kila wiki, na mpeleke kituo cha afya. Daktari ndiye atakayeamua kama anahitaji dawa ya kumsaidia kuacha.

Droo ya mwalimu mkuu imejaa vepu zilizokamatwa. Tuzichome?

Hapana! Betri ya lithiamu hulipuka ikipata moto. Msizitupe pia na takataka za kawaida. Zihifadhini mbali na jua, vaeni glavu kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi, na mkazikabidhi kwa wanaopokea taka hatarishi.

Mimi ni mwanafunzi. Niliacha siku nne, jana nimevuta tena. Nimeshindwa?

Hapana, mwanangu. Kwanza umefanya vizuri kuuliza. Niandikie mambo matatu kwenye karatasi: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani, na sekunde chache kabla ya hapo ulikuwa unajisikiaje. Hamu ikipanda huwa inadumu dakika chache tu. Kunywa maji, toka hapo ulipo, tembea hadi ipite. Rafiki anayekupa usimsimange, mwambie tu kwamba wiki hii hutakwenda naye chooni. Kisha njoo na hiyo karatasi wakati wa mapumziko, mlango uko wazi.