Hatuna "sindano ya kumpumzisha", na morfini siyo hiyo sindano

Tangu Juni 2025, wabunge wa Uingereza walipopitisha kwa kura 314 dhidi ya 291 muswada wa kuwaruhusu wagonjwa wasio na matumaini ya kupona kusaidiwa kufa, dirisha letu la dawa la tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa wa magonjwa mazito, limepata swali jipya: "Ile sindano ya kumpumzisha mzee inapatikana?" Wanaouliza ni ndugu waliochoka kukesha, na sina shaka wanampenda mgonjwa wao. Jibu ni hapana. Haipo dirishani, haipo chini ya kaunta, wala hakuna mkubwa anayeifungia ofisini.

Klipu za WhatsApp zinasema "wazungu wameruhusu sindano". Waliozitengeneza hawakuusoma muswada. Uliwahusu watu wazima wa England na Wales wanaotarajiwa kuishi chini ya miezi 6, ulitaka madaktari wawili na jopo la kupitia ombi, na dawa angeitumia mgonjwa mwenyewe. Isitoshe, ile ilikuwa kura ya wabunge tu. Malodi, yaani baraza la pili la Bunge lao, walikuwa bado hawajapata zamu yao. Uholanzi na Kanada, kweli, daktari anaweza kuchoma sindano, kwa sheria zilizoanza 2002 na 2016. Afrika Kusini mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Pretoria ilimkubalia Robert Stransham-Ford, mwanasheria aliyekuwa na saratani, asaidiwe kufa, lakini amri ilitolewa saa chache baada ya yeye kufariki, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa iliitengua.

Sasa tuje nyumbani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 216: anayemshawishi au kumsaidia mtu kujiua anastahili hadi kifungo cha maisha. Anayemchoma mgonjwa sindano kwa mkono wake haishii hapo. Huyo yuko kwenye mauaji ya kukusudia, kifungu cha 196 na 197, adhabu yake kifo. Na tafadhali, usije na hoja ya "alikuwa anakufa hata hivyo". Kifungu cha 203 kilishaijibu: ukiharakisha kifo cha mtu ambaye ugonjwa wake ungemuua, umesababisha kifo. Barua ya mgonjwa yenye dole gumba haikuokoi. Kama sheria ibadilike au isibadilike, hilo ni la Bunge. Mimi ni mfamasia.

Ajabu ni kwamba dirisha hilohilo linapokea watu wa aina ya pili. Binti mmoja alirudisha chupa ya morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ikiwa imejaa, plasta niliyoizungushia kifuniko haijaguswa. Baba yake ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Hapati usingizi, hapati kabisa. Shangazi amekataza: "Hiyo ndiyo ya kumalizia."

Anayeomba sindano na anayeficha chupa wanaamini kitu kimoja, kwamba dawa zetu kali ni za kuua. Imani hiyo ninyi wenyewe mnasaidia kuijenga: mgonjwa analetwa wiki ya mwisho, morfini inaanza Jumatatu, anafariki Ijumaa, na mtaa mzima unahesabu siku tangu chupa iingie ndani. Ameuawa na saratani. Morfini ya maji huanza kwa kipimo kidogo, kila baada ya saa 4, na daktari huipandisha kufuata maumivu. Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kulala sana, mara nyingi kwa sababu hajalala kwa wiki nyingi. Choo kitakuwa kigumu, ndiyo maana hupewa na dawa ya kulainisha, msiiache mezani.

Utaratibu wa kuchukua, maana hapa ndipo tunapogombana. Njoo na cheti cha daktari, kadi ya mgonjwa, kitambulisho chako na chupa ya zamani hata kama ni tupu. Nitapima kilichobaki, nitaandika kwenye rejista kilichotoka, tutasaini wote wawili. Hapo ndipo kabati lenye kufuli mbili linafunguliwa. Mgonjwa akifariki, chupa irudi. Usimpe jirani mwenye mgongo, usimwage chooni. Ukikutwa na morfini isiyo na karatasi utajieleza kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na huko sitakuwepo kukutetea.

Jambo jingine linachanganywa na haya. Mgonjwa mwenye akili timamu anaweza kukataa mionzi, dripu nyingine, au kupelekwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Tutamweleza matokeo yake, atasaini, na tutaendelea kumtibu maumivu. Hakuna aliyemuua.

Mgonjwa akisema "naomba nife", tuambie siku hiyohiyo, usimkemee na usitufiche. Tutauliza kuhusu maumivu, pumzi, usingizi, na gharama, kwa kuwa wazee wengi huomba kufa wakiona shamba linauzwa. Maumivu yakitulia, mara nyingi ombi nalo hutulia. Na yakizidi usiku, piga namba iliyo kwenye lebo ya chupa. Usiongeze kipimo kwa kukisia, wala usisubiri siku ya kliniki.