Shavu limejaa upande mmoja na haliumi: displasia ya nyuzi ni nini?

Binti yangu ana miaka 11. Shavu la kulia limekuwa likijaa taratibu tangu akiwa na minane. Daktari ametaja displasia ya nyuzi. Ni saratani?

Hapana, mama. Ni mfupa uliokosea kujijenga: panapotakiwa mfupa mgumu pamekaa nyuzinyuzi na mfupa mchanga usiokomaa, kwa hiyo unatanuka. Ukimpapasa utakuta kitu kigumu kisichosogea, na ngozi juu yake ni ya kawaida kabisa. Kwenye picha ya CT (eksirei ya kompyuta) mfupa huo huonekana kama kioo chenye ukungu. Wanaopata saratani baadaye hawafiki mgonjwa 1 kati ya 100.

Nimemrithisha mimi?

Si wewe, si baba yake, wala si jicho la mtu. Jeni iitwayo GNAS ilibadilika katika seli moja mimba ikiwa changa mno, na kasoro ikabaki kwenye seli zilizozaliwa na hiyo tu. Ndiyo maana shavu la kushoto ni zima. Naye hatawarithisha wanawe.

Mbona hawampasui sasa?

Kwa sababu mfupa bado unakua. Ukichongwa leo, mara nyingi hujaa tena. Kwa kawaida kasi hupungua baada ya balehe, na hapo daktari wa upasuaji wa taya na uso huuchonga kurudisha umbo. Tiba ya mionzi haifai, huongeza hatari ya saratani. Wakati mnasubiri, apimwe macho na masikio mara kwa mara, maana mshipa wa fahamu wa jicho hupita kwenye tundu jembamba la fuvu. Mpige picha ya kawaida ya uso kila miezi sita, akikaa palepale dirishani. Jicho la mzazi anayemwona kila siku halioni mabadiliko.

Nikimbilie hospitali lini?

Akiona hafifu au vitu viwili, jicho likitokeza, au uvimbe ukianza kuuma na kukua kwa kasi. Taya la mtoto likivimba ndani ya wiki chache na meno kulegea, huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani inayokua haraka, aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala. Inatibika kwa dawa, ila usiilaze nyumbani.

Ana baka la rangi ya kahawa mgongoni tangu utotoni. Linahusika?

Huenda. Mwonyeshe daktari, na umweleze kama alianza hedhi mapema mno. Ataagiza vipimo vya homoni, pamoja na picha za mifupa mingine.