Maswali na majibu: kipimo cha thairoidi na kile kidonge cha asubuhi

Haya ni maswali yanayoulizwa sana na watu ambao tezi ya shingo, yaani thairoidi, imepunguza kazi na wameandikiwa levothairoksini, kidonge kinachojazia homoni ya tezi hiyo. Kama daktari wako amekupa maelekezo tofauti kwa sababu anazijua hali zako zingine, fata yake.

Swali: Karatasi inaonyesha TSH iko juu, mbona naambiwa tezi yangu iko chini?

TSH haitoki kwenye thairoidi yenyewe, inatoka kwenye pituitari, kitezi kidogo chini ya ubongo ambacho kazi yake ni kuiamrisha thairoidi itengeneze homoni. Homoni ikipungua kwenye damu pituitari inazidisha amri, TSH inapanda, homoni ikizidi inatulia, TSH inashuka. Kwa hiyo TSH juu na T4 (homoni yenyewe ya thairoidi) chini ni tezi iliyochoka, na TSH chini na T4 juu ni tezi inayofanya kazi kupita kiasi, au kama unatumia dawa basi dozi imezidi. Kwa mtu mzima maabara nyingi zinachukulia TSH ya kawaida ni kama 0.4 mpaka 4.0 mIU/L, ila soma kile kiwango kilichoandikwa pembeni ya majibu yako maana mashine zinatofautiana, na mjamzito ana viwango vyake.

Swali: Basi nikipima TSH tu inatosha?

Kwa wengi inatosha. Ila kuna kundi linalosahaulika na mimi hili linaniuma sana, wale akina mama waliotokwa damu nyingi mno wakati wa kujifungua. Pituitari inaweza kuumia pale pale, maziwa yakakataa kutoka, hedhi isirudi, alafu miaka inapita mtu amechoka tu na baridi haimuishi, akipimwa TSH inasoma kawaida au chini kidogo anaambiwa yuko sawa kumbe T4 imeshuka kabisa. Mama wa hivi aeleze historia ya uzazi hata kama ni ya zamani, aombe na T4 ipimwe, na kabla ya kuanzishiwa levothairoksini aangaliwe kotisoli kwanza (homoni nyingine ambayo nayo hutegemea amri ya pituitari), maana kama nayo iko chini hiyo dawa inaweza kumuweka kwenye hatari kubwa.

Swali: Nameza kila siku lakini TSH haishuki. Niongezewe dozi?

Kabla ya dozi kuguswa mwambie daktari UNAMEZAJE. Hapa ndo penye shida ya wengi. Hii dawa inapimwa kwa mikrogramu, kiasi kidogo sana, na tumboni inazuiliwa kirahisi. Imeze na maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, alafu subiri nusu saa mpaka saa nzima ndo unywe chai ya maziwa au kahawa na vitafunwa. Uji wa lishe wenye soya nao unapunguza dawa kuingia mwilini, usiuweke karibu. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu, na dawa za kupunguza asidi tumboni zile za kutafuna au za maji, viachane na levothairoksini masaa 4. Omeprazoli nayo inaweza kupunguza nguvu yake, itaje. Unakuta mtu anameza vyote kwa mpigo asubuhi ili asisahau, dozi inapandishwa, siku akibadilisha ratiba dawa yote inaingia na moyo unaanza kwenda mbio.

Na usikimbilie kupima tena baada ya wiki moja. Dawa inakaa mwilini muda mrefu, siku kama 7 ndo nusu yake imetoka, kwa hiyo ukibadilishiwa dozi pima baada ya wiki 6 mpaka 8.

Swali: Siku ya kupima nimeze au nisimeze?

Toa damu kwanza, kidonge umeze baadae, maana T4 inapanda kwa masaa machache ukishameza. Na kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, acha angalau siku 2 kabla, vinaweza kudanganya mashine ikaonyesha TSH chini na T4 juu wakati sio kweli.

Swali: Nikisahau?

Ukikumbuka siku hiyo hiyo meza tumbo likiwa tupu. Kesho endelea kama kawaida, usimeze dozi mbili kwa mpigo.

Swali: Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Una njia mbili: usiku wakati wa kulala, masaa 3 au zaidi toka umalize kula, au uamke mapema umeze nusu saa mpaka saa moja kabla ya daku. Chagua moja uishike mwezi mzima.

Swali: Nimeshika mimba, niache dawa nisimdhuru mtoto?

Hapana, usiache hata siku moja! Miezi ya mwanzo mtoto anategemea homoni yako, na mara nyingi dozi inatakiwa kupanda. Usisubiri tarehe ya kliniki, ukiona tu kipimo cha mkojo kimesoma ndio wasiliana na daktari wiki hiyo hiyo, TSH ipimwe, na irudiwe kila baada ya wiki kama 4 mpaka nusu ya ujauzito. Vile vidonge vya kuongeza damu utakavyopewa kliniki vimeze mchana au jioni, asubuhi ni ya levothairoksini peke yake.